Trai la Kumi la Mheshimiwa

Ipo nchi moja ambayo haionekani kwenye ramani yoyote, na wenyewe husema kosa ni la ramani. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Watu wake hushukuru asubuhi wakiamka, hushukuru tena mchana iwapo kuna chakula, na iwapo hakuna hushukuru mara mbili, kwa kuwa njaa nayo hupunguza kitambi. Mkuu wa nchi anaitwa Mlezi. Hajawahi kushindwa uchaguzi hata mmoja, maana hajawahi kuwasumbua watu kwa kuuitisha.

Katika nchi hiyo, kwenye mkoa wa Makorongo, alikuwako muuguzi mmoja aitwaye Tumsifu Kirangi, kijana wa miaka ishirini na tisa, mabega mapana, sauti ya kubembelezea watoto sindano. Mkewe, Nakijwa, alikuwa mkunga katika zahanati hiyo hiyo. Zahanati yao ilikuwa na vitanda vinne, kipimo cha presha kilichohema vibaya kuliko wagonjwa, na picha tisa za Mlezi, moja kwa kila ukuta na nyingine kwa kila dari. Hospitali ilikuwa mjini, kilomita arobaini za milima na makorongo. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwa machela, wanaume wanne wakipokezana na wengine wanne, siku nzima. Mwaka ule wanawake watatu walifia njiani wakiwa na uchungu wa kuzaa. Wote watatu walikata roho Nakijwa akiwa amewashika mkono.

Tumsifu alikuwa na starehe moja tu: raga, ile ya wachezaji saba kila upande na mpira wenye umbo la yai. Alikuwa nahodha wa timu ya mkoa. Walifanyia mazoezi kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na aliyeangushwa hapo aliinuka akiwa na harufu ya kudumu wiki nzima.

Ndipo likatangazwa Kombe la Shukurani. Mashindano ya siku mbili: mikoa mitatu, pamoja na timu moja ya Waalikwa. Waalikwa walikuwa mawaziri saba waliojialika wenyewe. Nahodha wao alikuwa Mheshimiwa Dakta Eliapenda Mkumbukwa, Waziri wa Michezo, Maji na Nidhamu, mwenye umri wa miaka sitini na sita na uzito wa kilo mia moja na thelathini, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokijenga kwa ajili hiyo. Kombe, bila shaka, lilikuwa la Waalikwa. Jina lao lilikwisha chongwa. Lakini mkoa utakaoonyesha shukurani kuliko mingine ungepewa gari la wagonjwa.

Tumsifu alisoma tangazo mara mbili, akalipeleka wodini.

"Mama Ndeshi," alimwambia mkewe, "soma hapa chini."

Nakijwa alisoma, akaketi juu ya kitanda kitupu. "Gari lenyewe, au picha ya gari?"

"Gari lenyewe. Litaegeshwa kando ya uwanja, kila mtu alione."

"Basi nenda ukashukuru," Nakijwa alisema. "Shukuru mpaka wakuogope."

*

Kabla ya mashindano kulikuwa na semina. Iliongozwa na Kamishna wa Mashindano, Bi Leokadia Msabila, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani ya akiba. Aliwaketisha wachezaji wa mikoa yote mitatu kwenye viti vya watoto wa chekechea.

"Ndugu wachezaji," alisema, "mnaijua Sheria ya Heshima ya Miili. Mwananchi haruhusiwi kuugusa mwili wa kiongozi, isipokuwa kiongozi mwenyewe ametoa mkono, na hapo kwa sekunde tatu. Sheria hiyo haisimami mlangoni mwa uwanja."

Bahame, winga wa Makorongo, mwenye mbio kuliko wote, alinyoosha mkono. "Samahani, Bi Kamishna. Raga ni mchezo wa kukamatana. Tukiwa hatuwagusi, tutawazuiaje?"

"Nani kakwambia mtawazuia?"

Bi Leokadia akaeleza utaratibu. Waziri akibeba mpira, mchezaji wa mkoa atakimbia nyuma yake hatua mbili, uso ukionyesha kwamba anajitahidi. Waziri akikaribia, mchezaji anaruhusiwa kujitupa chini mwenyewe, upande ambao waziri hapiti. Waziri akifunga trai, yaani akiuweka mpira nyuma ya mstari, wachezaji watasikitika. Lakini wasisikitike sana, kwa kuwa huzuni iliyopita kiasi ni aina ya lawama. Walifanya mazoezi ya kusikitika saa moja na nusu. Mchezaji mmoja wa Bonde la Chumvi alirudishwa kwao kwa kusikitika kana kwamba ana sababu.

*

Siku ya kwanza, asubuhi, Makorongo walicheza na Bonde la Chumvi, na kwa kuwa hapakuwa na waziri uwanjani, walicheza raga. Dakika kumi na nne tu, saba na saba. Tumsifu aliwakamata watu viunoni akawabwaga, akabwagwa naye, akacheka huku mdomo umejaa nyasi. Bahame alikimbia pembeni kama moto wa kichakani akafunga matrai matatu. Watazamaji elfu nane waliingia wazimu kwa furaha, mpaka kipaza sauti kikawakumbusha kwamba furaha kuu imepangwa saa sita.

Gari la wagonjwa lilikuwa pale, kando ya mstari: jeupe, jipya, limezungushiwa utepe mwekundu. Tumsifu aliligusa kidogo bawa la mlango alipokwenda kunywa maji. Lilikuwa la moto kwa jua. Aliwaza lile bonde la pili kwenye njia ya mjini, la mawe, ambapo wabebaji wa machela huteleza.

Saa sita kamili, jua likiwa utosini, Waalikwa waliingia uwanjani kwa zulia. Waziri wa Afya alivaa namba nne na kukohoa. Mheshimiwa Mkumbukwa alivaa namba moja. Namba ya kweli ya nafasi yake ingemweka nyuma ya mtu, na hilo haliwezekani. Alihutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kucheza kuliko kusema. Refa, mtu mnene wa miguu aliyehamishwa kutoka idara ya misitu, akapuliza kipyenga.

Mheshimiwa aliupokea mpira, akaukumbatia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani, akatembea hadi mstarini. Trai la kwanza. Makorongo walisikitika kwa kiasi. Trai la pili. La tatu. Tumsifu alijitupa chini kushoto, akajitupa kulia, akainuka, akakimbia nyuma hatua mbili. Alifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Jukwaani Bi Leokadia alikuwa akiandika alama za shukurani, na Tumsifu aliona kalamu ikienda vizuri.

Baada ya trai la sita Mheshimiwa aliacha kutabasamu. Baada ya la nane alianza kupumulia mdomo. Alipofunga la tisa alibaki amepiga goti muda mrefu. Nusu ya kwanza ilipaswa kuwa ya dakika saba. Ilikuwa ya thelathini na moja, kwa kuwa refa alisubiri ishara ya Mheshimiwa, na Mheshimiwa hakutoa ishara.

Tumsifu alimsogelea, hatua mbili kamili. "Mheshimiwa, samahani. Pumzika kidogo. Mimi ni muuguzi. Jua ni kali."

"Gazeti la kesho," Mheshimiwa alihema, "limekwisha chapwa."

"Sikuelewa, Mheshimiwa."

"Matrai kumi. Wameandika kumi." Akajifuta uso. "Unataka gazeti liseme uongo?"

Akapewa mpira, akaondoka nao.

*

Mheshimiwa alikimbia kweli safari hii. Tumsifu alimfuata hatua mbili nyuma, na akiwa hapo aliona yote ambayo muuguzi huona. Aliona jasho la baridi shingoni. Aliona mkono wa kushoto ukining'inia kama wa mtu mwingine. Mheshimiwa alipogeuza uso kidogo, midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau mbivu.

"Refa!" Tumsifu aliita. "Simamisha mchezo! Anaumwa!"

"Cheza!" refa alijibu.

Kumsimamisha kulikuwa rahisi. Mkono mmoja kiunoni, kumlaza taratibu kwenye nyasi. Kazi aliyoifanya asubuhi ile mara ishirini. Ukumbi mzima wa semina ulimjia kichwani, na gari jeupe pale kando, na kalamu ya Bi Leokadia. Akazidi kukimbia hatua mbili nyuma.

Mheshimiwa alianguka hatua tano kabla ya mstari. Alianguka kifudifudi, juu ya mpira, hakuinuka.

Refa alifungua kitabu chake cha taratibu, akatafuta. Hapakuwa na kifungu cha waziri kuanguka mwenyewe, kwa kuwa waziri haanguki. Daktari wa mashindano alifika akikimbia, akasimama umbali wa hatua mbili, akasema hawezi kumgusa mgonjwa wa cheo hicho bila kibali cha Waziri wa Afya. Waziri wa Afya, namba nne, alikuwa ameketi kwenye nyasi akitafuta pumzi yake.

"Mimi niko likizo ya michezo," alisema. "Barua zote ziende kwa naibu."

Naibu wake alikuwa namba sita. Aliinama kufunga kamba za viatu.

"Mpakieni kwenye gari la wagonjwa!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka jukwaani. Askari wanne walikimbilia gari, wakafika kwenye utepe, wakasimama. Utepe haukatwi ila na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa amelala kifudifudi juu ya mpira.

Tumsifu alipiga hatua moja. Bahame akamshika jezi.

"Nahodha, usimguse."

"Anakufa, Bahame."

"Na afe. Amejiua mwenyewe kwa miguu yake. Ukimgusa, tumekwisha sote. Na gari hulipati."

Tumsifu alimtazama yule mzee chini. Hakuona waziri. Aliona mtu wa kilo mia na thelathini ambaye ubongo wake ulikuwa na dakika tatu, nne kwa bahati. Alichomoa jezi yake mkononi mwa Bahame, akapiga magoti, akamgeuza chali, akaanza kumkandamiza kifua.

Alihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa: thelathini, kisha pumzi mbili mdomoni, thelathini, kisha mbili. Kando ya mstari karani wa Nidhamu naye alikuwa akihesabu, kwa kalamu. Ubavu wa kwanza ulilia kama kijiti kikavu. Kisha wa pili. Tumsifu hakuacha, kwa kuwa mbavu huunga na mauti hayaungi.

Alipofika mia mbili na kumi na nne Mheshimiwa alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani. Alifumbua macho. Alitazama mbingu, akamtazama refa.

"Trai?" aliuliza.

"Trai, Mheshimiwa!" refa alisema, akapuliza kipyenga kwa nguvu zake zote. Bendi ikapiga. Watu elfu nane wakasimama wakashangilia matrai kumi, na gazeti likawa limesema kweli.

Tumsifu aliketi kwenye nyasi. Alikuwa na furaha. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa na furaha namna ile maishani mwake.

*

Kesi ilisikilizwa saa tatu usiku, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye kufuli la nje. Bi Leokadia alikuwa mwenyekiti. Aliketi juu ya kreti ya soda. Mheshimiwa alikwisha rushwa kwa ndege kwenda nchi yenye hospitali, na kutoka kitandani alikuwa ametuma maelezo kwa simu.

Bi Leokadia aliyasoma. "Mimi, Dakta Mkumbukwa, sijawahi kuumwa tangu kuzaliwa. Nilipokuwa nafunga trai la kumi kijana mmoja alinirukia, akanipiga kifuani, akanivunja mbavu mbili, akanibusu bila ridhaa." Akavua miwani, akavaa ile ya akiba. "Karani anasema mara mia mbili na kumi na nne. Unakubali?"

"Mama, moyo wake ulisimama," Tumsifu alisema. "Kila mtu aliona."

"Kila mtu amekwisha saini." Alimwonyesha rundo la fomu. "Watazamaji elfu nane. Wakati huo walikuwa wakitazama mawingu."

"Hakukuwa na wingu hata moja."

"Ndiyo maana walilitafuta sana."

Shahidi pekee wa serikali alikuwa Bahame. Aliingia bila kumtazama mtu. "Nilimwonya," alisema. Lilikuwa neno la kweli, na baada ya neno hilo alikabidhiwa unahodha, akatoka kwa mlango ule ule aliouingilia.

Bi Leokadia aliwatoa makarani wote. Walipobaki wawili alizungumza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Mwanangu, nisikilize. Ukisema alikuwa mgonjwa, ni kosa la kueneza uvumi juu ya afya ya kiongozi. Miaka kumi na mitano, na mkeo anaachishwa kazi. Ukisema ulimkamata kimchezo, kwa ukali uliopita kiasi, ni shambulio. Miaka saba, mwaka mmoja kwa kila mchezaji. Nimekuchagulia lililo jepesi."

"Nilimwokoa, mama."

"Najua. Nilisoma darasa moja na Mheshimiwa, na ningeweza kulia kwa kuwa yu hai. Ungemwacha afe ningekuandikia alama kumi za nidhamu." Alifunua daftari lake. "Mpaka trai la tisa Makorongo mlikuwa mnaongoza kwa shukurani. Mnaongoza kwa mbali."

Tumsifu aliinua kichwa. "Na gari?"

Bi Leokadia alifunga daftari.

"Nikisaini shambulio," Tumsifu alisema polepole, "kosa ni langu peke yangu. Timu haikugusa mtu. Mkoa haukugusa mtu. Alama zao zibaki."

"Unataka kufungwa miaka saba kwa ajili ya gari?"

"Wamekufa watatu mwaka huu, mama. Njiani. Wa mwisho alikuwa na miaka kumi na tisa."

Bi Leokadia alimsogezea kalamu. Tumsifu alisaini kwa mwandiko mzuri, kama anayejaza kadi ya mgonjwa.

*

Siku ya pili ya mashindano, Waalikwa walicheza na Bonde la Chumvi. Dakika ya tisa Waziri wa Afya alishika kifua akaanguka. Wachezaji saba wa Bonde la Chumvi walipanga mstari mmoja, mikono mgongoni, wakaimba wimbo wa taifa beti zote nne. Waziri alikata roho katika ubeti wa tatu, na kwa heshima wakaumalizia wa nne. Walipewa medali. Mlezi mwenyewe alisema redioni kwamba hajawahi kuona vijana wenye mikono safi namna ile.

*

Tumsifu alifungiwa gereza la mjini, karibu na hospitali. Nakijwa alipata kibali cha kumwona mwezi wa tano wa kifungo. Waliketi wakitenganishwa na wavu, askari akiwa kati yao akichokoa meno.

"Baba Ndeshi, umekonda."

"Niambie. Lilifika?"

"Lilifika."

Tumsifu alifumba macho. "Linaendaje?"

"Linakwenda," Nakijwa alisema. "Mpaka bonde la pili linapita."

"Lile la mawe?"

"Hata lile."

"Umekuja nalo leo?"

"Nimekuja nalo. Tumemleta Mama Sifaeli, uchungu ulimkamata mapema."

"Amefika?"

"Amefika."

Alicheka, akapiga goti lake kwa furaha. Kisha akaona viganja vya mkewe kwenye wavu. "Mikono imekuwaje?"

"Jembe," Nakijwa alisema, akaishusha. "Shamba la mwaka huu ni gumu."

"Lina king'ora?"

"Linacho."

"Basi ukitoka kipigie. Mara moja tu. Nikisikie."

Askari akasema muda umekwisha. Nakijwa aliaga, akatoka, mgongo wake umenyooka mpaka alipopita lango la pili.

Ambacho hakumwambia mumewe ni hiki. Gari lilifika Makorongo juu ya lori, likashushwa kwa sherehe, na mkoa wote ukacheza ngoma. Lilikuwa na taa, king'ora, betri ya king'ora, na picha ya Mlezi ndani. Injini ilikuwa katika awamu ya pili ya mradi. Kesho yake mgonjwa mmoja alibebwa kwa machela kama zamani, na wabebaji wote wanane walikamatwa, kwa kuwa kutumia machela katika mkoa wenye gari la wagonjwa ni kumtukana mfadhili. Tangu hapo wagonjwa walilazwa ndani ya gari na gari likasukumwa. Watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, kwa zamu. Machela ilichukua siku moja. Gari lilichukua mbili na nusu. Mama Sifaeli alifika mjini kweli, lakini alikuwa amekata roho bonde la pili, na mtoto wake pamoja naye, wakati gari limekwama kwenye mawe na Nakijwa amemshika mkono.

Nje ya gereza wasukumaji wenzake walikuwa wamekaa kivulini, wakisubiri. Maiti ilikwisha kabidhiwa hospitali. Gari lilitakiwa kurudi mkoani kabla ya Jumapili, la sivyo lingehesabiwa kuwa limetelekezwa. Nakijwa alifungua mlango wa dereva, akabonyeza kitufe.

King'ora kililia juu ya paa za mji, kirefu, chenye nguvu. Ndani, kwenye selo namba sita, Tumsifu aliwashika wenzake mabega akawanyamazisha.

"Sikilizeni," alisema. "Lile ndilo. Sikilizeni linavyoondoka."

Nakijwa alifunga mlango. Akaenda nyuma, akapata nafasi kati ya watu wawili, akaweka viganja vyake kwenye bati la moto.

"Moja, mbili," alisema, na wote kumi na wawili wakainamisha migongo.